Haki usiyoijua utaidai vipi?

Hivi karibuni kijana wa jirani yangu alikamatwa kwa tuhuma za wizi wa simu. Siku ya pili, tukiwa watu sita, tulikwenda kituoni. Tukaambiwa dhamana ina gharama yake. Wazee wakaanza kuchanga. Hakuna aliyeuliza gharama hiyo imo katika sheria gani. Nami ninayeandika makala haya nilitoa elfu kumi yangu.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kuisoma Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Inasema aliyekamatwa bila hati, ikiwa haielekei kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Mdhamini hutia saini ahadi. Halipii dhamana, dhamana haiuzwi.

Sasa tujiulize: sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Vipi watu wazima sita tusijue?

Si kwamba semina hazipo. Niliwahi kuhudhuria moja: hotelini, siku moja, mada kwa Kiingereza, bahasha ya nauli, kisha cheti. Kesho yake mtaani hapakubaki mtu wa kuulizwa. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Kwa maoni yangu, yanatakiwa mambo matatu.

Kwanza, walimu wanaobaki mtaani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili na hawasimamii kesi mahakamani, lakini wanaelimisha na kuelekeza. Wafunzwe, na wafunzwe tena kila sheria inapobadilika.

Pili, lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo tafsiri peke yake haitoshi. Mama muuza vitumbua anahitaji kuelezwa kwa mfano wa kesi anayoifahamu.

Tatu, askari naye afundishwe. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2011 kuhusu elimu ya haki za binadamu linataka mafunzo hayo yawafikie watumishi wa dola, polisi wakiwamo. Raia akijua peke yake, kituoni patakuwa na ubishi tu.

Tusisubiri wafadhili. Vyumba vya madrasa zetu baada ya Isha viko wazi. Tumwalike msaidizi wa kisheria, tuanze na somo moja tu: dhamana.

Kijana yule alitoka. Fedha hazikurudi, wala stakabadhi hatukupewa. Siku tutakapokwenda tena watu sita, basi angalau mmoja wetu awe na la kuuliza.