Sato Akipanda Juu Alfajiri: Lisome Bwawa Lako Kabla Samaki Hawajafa

Mfugaji analisha samaki jioni na wanakula vizuri. Asubuhi anakuta sato wanaelea matumbo juu, na lawama ya kwanza inamwangukia jirani: ametia sumu. Mara nyingi jirani hana kosa. Kilichoua ni upungufu wa oksijeni, na samaki walikwisha kuonyesha dalili zake. Hasara hii inazuilika ukijua kila aina ya samaki inavyopambana na maji yenye hewa haba.

Kwa nini alfajiri

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Lita moja ya maji ya bwawa yenye nyuzijoto 25 kwa kawaida hubeba miligramu 8 hivi tu, na joto likipanda kiasi hicho hupungua. Mchana, mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku mwani huohuo huitumia, pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha samadi na mabaki ya chakula. Akiba hushuka kabisa karibu na mapambazuko. Baada ya siku ya mawingu mazito hatari huongezeka, kwa kuwa usiku unaanza na akiba ndogo.

Kila samaki na njia yake

*Sato* hutegemea matamvua. Oksijeni ikipungua, vifuniko vya matamvua hupiga haraka zaidi. Kisha samaki huacha kula. Hali ikizidi, hupanda na kubaki juu midomo wazi, wakivuta maji ya juu kabisa yanayogusana na hewa, kwani hapo ndipo oksijeni inapoingilia.

*Kambale* ana msaada wa ziada: juu ya matamvua yake kuna ogani yenye matawi kama kichaka kidogo, iliyojaa damu, ambayo hufyonza oksijeni ya hewa. Hupanda mara moja, hubugia hewa na kuzama tena. Lakini kifaranga wa kambale katika wiki zake za mwanzo bado hajaota ogani hiyo, na maji mabaya humuua kama yanavyomuua sato.

*Kamongo* ana mapafu. Akishakua, matamvua peke yake hayamtoshi. Akinaswa wavuni chini ya maji bila kufika juu, hufa. Kinamasi kikikauka hujichimbia matopeni, hujifunika kwa utando wa ute na kusubiri mvua kwa miezi mingi.

*Furu* wa vinamasi vya mafunjo kando ya Ziwa Victoria wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji ya wazi. Sangara, ambaye huhitaji oksijeni nyingi, hawezi kuwafuata humo. Kufyeka mafunjo ni kubomoa maficho ya samaki waliokwisha kupungua sana ziwani.

Dalili na maana yake

Nenda bwawani kabla jua halijachomoza, hasa ukiwa umechanganya sato na kambale. Kambale anayechomoza, akaacha povu na kutoweka anapumua kama kawaida yake. Sato waliojipanga juu, wengi wakiwa karibu na bomba la kuingizia maji, wako hatarini. Piga makofi: wakizama na kurudi juu mara moja, usisubiri.

Vifo navyo vina lugha yake. Wakifa sato, tena wakubwa kwanza, huku kambale wakubwa wakiwa wazima, fikiria oksijeni. Wakifa wote pamoja na vyura, hapo shuku sumu, na umwite afisa uvuvi.

Hatua za haraka

1. Acha kulisha, na usiweke samadi wala mbolea.
2. Ingiza maji safi yakianguka kutoka juu, ili yachanganyike na hewa. Kama bwawa lina bomba la kutolea maji chini, toa ya chini.
3. Kama huna maji ya akiba, vuta maji ya juu ya bwawa kwa pampu na uyarushe hewani yarudi humohumo. Kwa bwawa dogo, ndoo husaidia.
4. Usiingie kukoroga matope. Yanapotibuka hula oksijeni iliyobaki.
5. Opoa waliokufa na uwafukie. Usiwauze.

Kuzuia

Pima ukijani kwa mkono wako. Zamisha kiganja hadi maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikitoweka machoni kabla ya hapo, na maji hayana tope, mwani umezidi: sitisha samadi na ubadilishe sehemu ya maji. Lisha jua likiwa limepanda, kama saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa kiasi wanachokimaliza mara moja. Siku ya mawingu punguza chakula. Bwawa lisilo na mashine ya kuongeza hewa lisizidi sato 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba. Ukiweza kupata kipimo, oksijeni isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. 5 na zaidi ni salama.

Mwenye vizimba ziwani awe makini zaidi. Upepo ukigeuza maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni hupanda, na samaki wa kizimbani hawana pa kukimbilia. Weka vizimba penye kina na mkondo, mbali na ghuba zilizotulia na magugu maji.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika kabla ya kununua vifaranga. Kama una chanzo cha maji kinachotiririka mwaka mzima, fuga sato. Kama unategemea maji ya mvua yaliyotuama na huna pampu, anza na kambale waliokwisha kupita umri ule dhaifu. Fuga samaki anayeweza kuishi katika maji uliyo nayo.