Kozi ya Kuchunguza Magonjwa Bila Kununua Kitabu

Somo la safari hii linaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika katika jarida hili kwamba watoto wa kijiji fulani wanaugua kuhara kuliko watoto wa vijiji vingine vyote vya hapa kwetu. Tulikuwa tumehesabu majina katika rejista ya zahanati, tukaona kijiji hicho kinaongoza, tukachapa. Akina mama wa pale waliona haya sana. Baadaye tuliambiwa kwamba wengine walianza kuwapeleka watoto zahanati ya mbali ili wasiandikwe. Kumbe kijiji chenyewe ndicho kikubwa kuliko vyote, tena ndicho kilicho karibu na zahanati! Tulihesabu wagonjwa, tukasahau kuhesabu watu.

Habari hii tulimsimulia mama mmoja mzaliwa wa hapa, muuguzi, ambaye siku hizi anafundisha wauguzi huko Marekani. Alikuwa amekuja nyumbani likizo, lakini kazi ameibeba: kutunga kozi ya majuma 15 ya epidemiolojia. Neno ni refu lakini maana yake si ngumu. Ni elimu ya kuchunguza jinsi magonjwa yanavyoenea kati ya watu: nani anaugua, wapi, lini, na kwa nini yeye na si jirani yake. Alipotusikia alicheka, akasema, "Wazee wangu, kosa lenu ndilo nitakaloanzia. Hata wanafunzi wangu hulifanya, na wao wana digrii mbili." Basi tulikaa naye jioni kadhaa, yeye akipanga kozi yake na sisi tukimwuliza maswali ya watu wasiojua.

Wanafunzi hao ni wauguzi wanaosomea udaktari. Hapa usichanganye na daktari wa kutibu. Ni shahada ya juu kabisa ya uuguzi wa kazi, na iko tofauti na ile ya utafiti. Chuo kikuu cha Kentucky ndicho kilichoanza kuitoa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2006 jumuiya ya vyuo vya uuguzi ya nchi hiyo, iitwayo AACN, ilitoa mwongozo wa mambo ambayo muuguzi wa kiwango hicho lazima ayajue, na afya ya jamii nzima ilikuwa mojawapo. Mwongozo mpya wa mwaka 2021 una nyanja 10, na afya ya jamii imo pia. Sababu ni wazi. Muuguzi wa kawaida hukaa na mgonjwa mmoja kitandani, lakini huyu wa shahada ya juu anatakiwa aangalie wodi nzima au wilaya nzima, aulize mbona wagonjwa wa aina hii wameongezeka.

Shida aliyokuwa nayo mwalimu wetu ni ya pesa na wakati. Wanafunzi wake wanafanya kazi usiku, wana watoto, wengi wana madeni ya karo, na vitabu vya chuo huko ni ghali mno. Akaamua kwamba katika kozi yake mwanafunzi hatatoa hata shilingi moja ya kitabu. Kila kitu kitatoka katika mambo yaliyowekwa wazi kwa umma. Tulimwuliza kama vitu vya bure havitakuwa makapi. Akasema vizuri vipo vingi, tena vingi mpaka vinachosha. Kazi ya mwalimu ni kuchagua, na huwezi kuchagua kabla hujajua unakokwenda. Kwa hiyo aliandika kwanza swali ambalo muuguzi lazima aweze kulijibu akirudi wodini siku ya mwisho ya kozi: je, hiki ninachokiona ni kingi kuliko kawaida, na ninajuaje? Kila kitu ambacho hakikusaidia kulijibu swali hilo alikiacha, hata kama ni kizuri.

Uti wa mgongo wa kozi ni kitabu cha kujifundisha cha CDC, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na udhibiti wa magonjwa. Toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2006. Kina masomo sita tu, kuanzia maana ya epidemiolojia hadi kuchunguza mkurupuko, na kila somo lina mazoezi pamoja na majibu yake. Lakini mwalimu hakuanzia ukurasa wa kwanza. Alianzia kwenye karamu ya kanisa, na hapo ndipo nasi tulipoamka.

Tarehe 18 Aprili 1940, kanisa moja la kijiji cha Lycoming, wilaya ya Oswego, jimbo la New York, liliandaa chakula cha jioni. Mezani kulikuwa na nyama ya nguruwe, viazi vya kuponda, mboga, mikate, keki, na aiskrimu ya aina mbili, ya vanila na ya chokoleti. Usiku huohuo watu walianza kutapika, kuharisha na kushikwa na tumbo. Jamaa zao waliobaki nyumbani hawakuugua. Waliohudhuria walijulikana kuwa 80, na wachunguzi waliwafikia 75 wakawauliza kila mmoja alikula nini na aliugua saa ngapi. Wagonjwa walikuwa 46. Hakuna aliyekufa. CDC imelifanya tukio hili zoezi la kufundishia, na limesomwa na wachunguzi wa magonjwa wa nchi nyingi.

Sasa fanya kama wanafunzi wa mwalimu. Chukua kalamu. Wagonjwa 29 walikula nyama ya nguruwe. Je, nyama ndiyo iliyowadhuru? Mtu wa haraka atasema ndiyo, 29 ni wengi. Lakini waliokula nyama kwa jumla ni 46, kwa hiyo walioharibika tumbo ni asilimia 63. Ambao hawakuigusa walikuwa 29, na kati yao 17 waliugua, asilimia 59. Tofauti ni ndogo mno. Nyama haina hatia.

Twende kwa aiskrimu ya vanila. Waliokula ni 54, wakaugua 43: asilimia 80. Wasiokula ni 21, wakaugua 3 tu: asilimia 14. Gawanya 80 kwa 14 utaona kwamba aliyekula vanila alikuwa katika hatari karibu mara sita ya yule asiyekula. (Ukigawanya nambari kamili bila kuzikata utapata 5.6.) Huyo ndiye mshtakiwa. Na hao watatu waliougua bila kula vanila? Tulibishana juu yao jioni nzima. Pengine mmoja alisahau alichokula, pengine mwingine alikuwa na tumbo lake la siku zote, pengine kijiko kilitoka bakuli moja kikaingia lingine. Mwalimu alituacha tubishane. Alisema uchunguzi wa kweli hauishi bila makombo ya namna hiyo, na mwanafunzi anayetaka kila mtu aingie kwenye sanduku lake atapata taabu.

Chokoleti ilituchekesha. Waliokula chokoleti walikuwa 47, wakaugua 25, asilimia 53. Wasioila 27, wakaugua 20, asilimia 74. Ina maana chokoleti ni dawa ya tumbo? Mzee mmoja kati yetu alisema atanunua kesho asubuhi. La hasha! Aliyejaza bakuli lake chokoleti mara nyingi hakuchukua vanila, basi. Chokoleti haikumkinga, ilimweka tu mbali na sumu. Hili wasomi wanaliita kuchanganyika kwa sababu, na mwalimu anasema wauguzi wengi hulisoma kwa maneno magumu miezi mitatu bila kulielewa, lakini kwa bakuli mbili za aiskrimu hulishika kwa dakika kumi. Ndiyo maana majuma matatu ya kwanza hakuna kompyuta. Ni karatasi ya mistari na kalamu. Tulidhani watu wa udaktari wataona wanadharauliwa. Akajibu kwamba kompyuta itakupa jibu la hesabu hata kama swali lako ni la kijinga.

Baada ya karamu anawapeleka London, mwaka 1854, kwenye kipindupindu cha mtaa wa Broad Street. Wengi wamesikia habari za daktari John Snow aliyeshuku pampu ya maji, na jinsi mpini wa pampu ulivyoondolewa tarehe 8 Septemba. Wachache wamesikia habari za Henry Whitehead, kasisi kijana wa parokia ya hapo. Yeye mwanzoni hakumwamini Snow, akaenda nyumba kwa nyumba kumpinga. Aliwajua watu wake kwa majina, akarudi nyumba moja mara nyingi, akawauliza hata waliopona kama walikunywa maji yale, jambo ambalo wengine hawakulifanya. Mwisho ushahidi alioukusanya yeye mwenyewe ukamgeuza. Tena ni yeye aliyegundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba nambari 40 aliugua kabla ya mkurupuko kulipuka, na kwamba maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa katika shimo la choo lililokuwa karibu kabisa na kisima. Mwalimu anamweka Whitehead katika kozi kwa makusudi. Anataka muuguzi ajue kwamba yule anayeaminiwa mlangoni hupata majibu ambayo mgeni mwenye fomu hayapati.

Sehemu inayofuata hatuisifu sana. Majuma mengi ni ya takwimu za juu, na kwa maoni yetu yangepunguzwa. Lakini kazi ya mwisho ni nzuri. Hakuna mtihani wa kuchagua jibu. Kila mwanafunzi anachukua tatizo la mahali pake, anatafuta takwimu za serikali zilizo wazi, anaandika ukurasa mmoja kwa mkubwa wake wa kazi, kisha anamsomea mtu asiye muuguzi. Mtu huyo asipoelewa, ukurasa unarudishwa.

Tuliuliza kama sisi huku tungeweza. Takwimu zipo. Ripoti ya uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Kenya ya mwaka 2022 iko wazi kwa yeyote. Inasema watoto wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano ni 41 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, na uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umesema 52. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iko wazi pia. Na ile fomu ambayo zahanati inajaza kila mwezi kwa wagonjwa wa chini ya miaka mitano, MOH 705A, huingia katika mtambo wa taifa wa takwimu za afya ambao umejengwa juu ya DHIS2, programu ya bure. Lakini angalia: 41 ni ya nchi nzima. Haikuambii neno juu ya kijiji chako.

Jambo moja lilimtia mwalimu wasiwasi. Mwishoni mwa Januari 2025 kurasa kadhaa za CDC ziliondolewa ghafla, nyingine zikarudishwa Februari kwa amri ya mahakama. Mwezi huohuo wa Februari mradi wa DHS, uliosaidia nchi nyingi kufanya uchunguzi kama huo wa Kenya, ulisimamishwa pesa za Marekani zilipokatwa. Kozi iliyotegemea viungo vya intaneti peke yake ingebaki mikono mitupu katikati ya muhula. Tangu hapo anahifadhi nakala ya kila kitu, na nyingine amezichapa. Boksi lake la karatasi tuliliona kwa macho yetu, zito kama gunia la mahindi.

Kwa vikundi vinavyosoma pamoja, zoezi ni hili. Mwaka 1854 kampuni ya Southwark and Vauxhall ilivuta maji ya mto Thames mahali palipojaa uchafu wa jiji, ikapeleka kwa nyumba 40,046. Katika majuma saba ya kwanza ya kipindupindu nyumba hizo zilipata vifo 1,263. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mtambo wake juu ya mto mwaka 1852. Nyumba zake zilikuwa 26,107 na vifo 98. Tafuteni vifo kwa kila nyumba 10,000 za kila kampuni. Mkipata kama 315 na 38 mmefanya sawa.

Nasi tuna zoezi letu. Rejista ya zahanati tumeifungua upya, na wahamasishaji wa afya wa vijiji wameahidi kutuletea idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano katika kila kijiji. Zikifika tutachapa kiwango cha kila kimoja, na tutaanza na kijiji kile tulichokiaibisha.