Mume wangu anataka likizo ya vita

SWALI: Mume wangu amezama katika historia ya vita. Likizo hii anataka twende Kondoa na Kongwa. Mimi naona ni magofu na makaburi tu. Nikubali?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kubali, dada, ila usiende kama msindikizaji. Vita vya nyanda za kati havikuwa vya askari peke yao, kwa hiyo si mali ya wapenzi wa mizinga. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer liliteka Kondoa Irangi. Mei Wajerumani wakashambulia, wakashindwa kuirudisha. Hayo atakusimulia mumeo. Wewe muulize majeshi hayo yalikula nini. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, zikawabebesha vijana wao mizigo. Mvua zilipokatika ikaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920 iliyoua maelfu. Bila njaa hiyo, simulizi la vita ni nusu.

Utasema Kongwa hakuna cha kuona. Kweli, majengo ni machache. Lakini tangu 1964 palikuwa na kambi iliyopokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, katika eneo lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Waliishi jirani na wenyeji, wengine wakazaa nao watoto. Waliofariki wamezikwa palepale. Mambo hayo huyapati kwa kutazama kuta. Kwa hiyo pangeni hivi: asubuhi aongoze yeye, mchana mketi na wazee, na maswali uulize wewe.