Kundi la Nyuki Halingoji Mkutano

SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA WA VYAMA VYA MSINGI

Wahenga walisema: Fuata nyuki ule asali. Hawakusema: Mchome nyuki ule asali. Hata hivyo si ajabu, kundi la nyuki linapotua mtini karibu na nyumba, kuona watu wakikimbilia mwenge. Asubuhi hukutwa maelfu ya nyuki wamekufa, mti umeungua, na hakuna aliyepata hata kijiko cha asali. Mali iliyokuja yenyewe mlangoni imeteketezwa.

Somo hili laeleza namna ya kulipokea kundi kama hilo, na kwa nini kazi hiyo yafaa ifanywe na kikundi cha wafuga nyuki ndani ya chama, wala si na mtu mmoja mmoja.

1. Kwa nini nyuki hugawanyika

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mvua ina misimu miwili: masika, takribani Machi hadi Mei, na vuli, takribani Septemba hadi Desemba. Mvua ifuatapo kiangazi huamsha maua ya mikahawa, na baadaye ya maharage na miti ya porini. Chakula kikiwa tele malkia hutaga kwa wingi, na mzinga hujaa. Hapo vibarua hujenga vyumba vya malkia wapya kwenye kingo za masega. Malkia hukomaa kwa siku 16 hivi tangu yai kutagwa. Kabla hajatoka, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya vibarua.

Kundi hilo hutua tawini kwa saa chache, au kwa siku moja au mbili, huku wapelelezi wakitafuta makao. Wakipata pango au gogo lenye uwazi, wote huruka na kwenda zao. Muda huo mfupi ndio nafasi ya chama.

Nyuki wa Afrika Mashariki ni hodari mno wa kugawanyika. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki wa Afrika nchini Brazil. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, na kufikia mwaka 1990 uzao wake ulikuwa umeingia Marekani. Kwa hiyo chama hakina haja ya kununua nyuki. Kinachopungua si nyuki, bali ni mizinga iliyo tayari na watu waliojiandaa.

2. Faida kwa mkulima wa kahawa

Kahawa ya robusta, ambayo ni zao kuu la wilaya hizi mbili, haijichavushi yenyewe. Ua lake huhitaji chavua ya mti mwingine, nayo huletwa na upepo na wadudu, nyuki wakiwamo. Basi hata mwanachama asiye na mzinga ananufaika na nyuki wa jirani yake. Vivyo hivyo, anayepulizia dawa ya wadudu wakati wa maua huwaharibia wengi.

3. Kutega mizinga

Mizinga ya kutegea haina budi kutundikwa kabla ya maua, si baada yake. Mzinga uwe mkavu, usiwe na harufu ya rangi mpya, nao uwekwe kivulini, mita mbili au tatu juu ya ardhi. Viunzi vya juu viwe na upana wa milimita 32, unaowafaa nyuki wetu. Kila kiunzi kipakwe nta safi katikati, na kuta za ndani zisuguliwe kwa mchaichai. Waya au nguzo zipakwe grisi ili sisimizi wasipande. Mzinga ukaguliwe kila wiki, kwa maana wenye buibui au nondo wa nta hauingiliwi.

Mizinga isiwe karibu na nyumba, shule, njia wala malisho. Umbali wa mita 300 au zaidi unafaa. Aidha, wanachama wakumbuke kwamba tangu mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika ni Hifadhi za Taifa. Mizinga haiwekwi humo.

4. Kuchukua kundi lililotua

Kundi lililotoka kugawanyika msimu wa maua huwa limeshiba asali, wala halina majana ya kulinda. Kwa kawaida ni pole. Lakini kundi lililohama kwa njaa wakati wa kiangazi huweza kuwa kali sana. Kwa kuwa si rahisi kuyatofautisha kwa macho, mavazi ya kinga na bomba la moshi ni lazima kila mara. Watu wasiopungua wawili waende, na watoto na mifugo waondolewe kwanza.

Kazi ifanywe jioni. Kundi hunyunyiziwa maji kidogo, mzinga huwekwa chini ya tawi, kisha tawi hutikiswa mara moja kwa nguvu. Malkia akiingia, waliobaki nje humfuata. Mzinga uachwe hapo mpaka giza liingie, ndipo upelekwe mahali pake usiku huo huo.

Hatari kubwa ni kundi kuhama tena. Dawa yake ni kuwapa kiunzi kimoja chenye majana kutoka mzinga mwingine wenye afya, kwa sababu nyuki hawapendi kuyaacha majana. Maji ya sukari husaidia maua yakiwa haba. Mzinga usifunguliwe ovyo: kibarua hukomaa kwa wiki tatu hivi, na katika muda huo kundi hupungua kwanza kabla ya kuongezeka.

5. Kundi ni la nani?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Chukulia kwamba mwanachama wa kwanza ameliona kundi, la pili limetua katika shamba lake, wa tatu analo bomba la moshi, na mzinga ni wa chama. Wakianza kubishana, nyuki hawatasubiri hukumu. Wakikubaliana kwa haraka bila maandishi, ugomvi utazuka siku ya kurina.

Kwa hiyo mkutano hauna budi kuamua mgawo kabla ya msimu, na katibu auandike katika muhtasari. Mathalani, mkutano ukiamua kwamba mtoa taarifa apate sehemu moja kati ya kumi ya mavuno ya kwanza, na mzinga ukatoa kilo 10, basi atapimiwa kilo 1 mbele ya wote. Atakayepata haki yake mara moja ataleta habari mara ya pili. Atakayedhulumiwa atarudia mwenge.

Katibu aweke daftari lenye safu hizi: tarehe, mahali, aliyetoa taarifa, waliochukua kundi, namba ya mzinga, hali ya kundi baada ya siku 7, hali baada ya siku 21, kilo zilizorinwa. Daftari hilo lisomwe katika kila mkutano, kama zisomwavyo hesabu za kahawa. Baada ya misimu miwili litaonyesha wazi ni mahali gani panapopata makundi na ni mizinga ipi inayokaa mitupu.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Chama kina mizinga mingapi iliyo tayari kabla ya maua yajayo?
(b) Ni nani apelekewe taarifa kundi linapoonekana, na asipokuwapo ni nani?
(c) Mtoa taarifa, mwenye shamba na wachukuaji wapate sehemu gani, na mtoa taarifa asiye mwanachama je?
(d) Chama kifanye nini kwa mwanachama anayechoma nyuki, au kupulizia dawa kahawa ikiwa katika maua?

Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi mapema. Kundi likishatua, wakati wa kujadiliana umekwisha.