Madai kinzani yakizidi dai la kwanza, nani alipe gharama za kesi?

Fundi anamfungulia mwenye nyumba kesi ya Sh12 milioni, salio la kazi ya ujenzi. Mwenye nyumba anajibu kwamba paa linavuja na ukuta wa nyuma umepasuka, naye anadai Sh20 milioni za marekebisho. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inasikilizwa, na mwishoni hakimu anaona kila mmoja ana haki yake: fundi alipwe Sh12 milioni, mwenye nyumba alipwe Sh20 milioni. Ukikata deni kwa deni, fundi anatoka akidaiwa Sh8 milioni. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mara nyingi huzua ugomvi kuliko hukumu yenyewe: gharama za kesi analipa nani?

Jibu la kijiweni ni kwamba aliyepata nyingi ndiye mshindi, basi alipwe gharama zote. Mwenye nyumba akiingia mahakamani na imani hiyo anaweza kupata mshtuko.

Tuanze na sheria ya Tanzania Bara. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 (kwa namba za Toleo la 2019), kinaiachia mahakama hiari ya kuamua nani alipe gharama na kwa kiwango gani. Desturi ni kwamba gharama hufuata matokeo, yaani aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Mahakama ikitaka kuamua vinginevyo, kifungu hichohicho kinaitaka iandike sababu. Kumbuka hilo la sababu. Hukumu inayomnyima mshindi gharama bila neno hata moja la maelezo ina upungufu ambao wakili wako anaweza kuukatia rufaa.

Sasa, katika kesi ya fundi wetu, matokeo ni yapi? Chini ya Amri ya VIII kanuni ya 9, mdaiwa anaweza kuweka madai kinzani ndani ya utetezi wake wa maandishi, na madai hayo huchukuliwa kama kesi nyingine inayojitegemea. Mdai naye anapaswa kuyajibu, asije akahukumiwa upande mmoja. Hata akiiondoa kesi yake njiani, madai kinzani yanaweza kuendelea bila yeye. Kwa hiyo jalada ni moja, lakini ndani yake mna kesi mbili, na kila kesi ina mshindi wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo iliweka kanuni ambayo mawakili wa nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado wanaitumia kujenga hoja. Kwetu maamuzi ya huko ya baada ya 1920 hayaifungi mahakama, yanashawishi tu. Kanuni yenyewe ni hii: mdai akishinda dai lake na mdaiwa akashinda madai kinzani, mdai hupata gharama za dai lake, na mdaiwa hupata zile gharama tu ambazo zimeongezeka kwa sababu ya madai kinzani. Gharama ambazo zingekuwapo hata kama madai kinzani yasingewekwa hubaki upande wa dai la kwanza. Malipo yaliyotolewa kwa pamoja kwa ajili ya dai na madai kinzani yanaweza kugawanywa, kila upande ukabeba sehemu yake.

Ipitishe kanuni hiyo kwenye nyumba yetu inayovuja. Mwenye nyumba atadai malipo ya mhandisi aliyekagua paa, shahidi wa bei za mabati, na sehemu ya kazi ya wakili iliyohusu ubovu huo. Fundi atadai karibu mengine yote, tangu kuandaa hati ya madai. Aliyepewa Sh20 milioni anaweza kuondoka na gharama ndogo kuliko aliyepewa Sh12 milioni. Ni jambo linaloudhi, lakini lina mantiki: fundi alilazimika kwenda mahakamani kutafuta hela ambayo hakimu amekiri ilikuwa yake.

Hali hubadilika kama mwenye nyumba aliweka hoja ya kukata deni kwa deni kama utetezi. Hapo anasema kwamba fundi hamdai kitu, kwa kuwa naye anamdai zaidi. Hoja ikikubaliwa na deni lote likamezwa, dai la fundi limeshindwa, na gharama zinafuata. Tatizo ni kwamba kanuni ya 6 ya Amri ya VIII inataka kiasi cha fedha kinachojulikana, na fidia ya paa bovu kwa kawaida haijulikani mpaka mahakama iipime. Mwulize wakili wako swali hili kabla ya kuwasilisha utetezi, kwa sababu baada ya hukumu hakuna nafasi tena ya kuchagua njia.

Kuna hatari pia ya kuzigawa gharama kikanuni mno. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza mgogoro wa aina hii hasa. Mjenzi alidai takriban pauni 18,000, na wenye nyumba wakamjibu kwa madai kinzani ya takriban pauni 100,000. Mjenzi alipata karibu chote alichodai, wao wakapata takriban pauni 14,000, na baada ya hesabu zote hawakubaki wakimdai chochote. Wao ndio waliotakiwa kumlipa takriban pauni 5,000. Gharama za mawakili za pande zote zilikuwa zimefika karibu pauni 185,000. Jaji wa kwanza alikuwa ameamuru kila dai lifuatwe na gharama zake. Mahakama ya Rufani ikaiweka kando amri hiyo, ikampa mjenzi asilimia 60 ya gharama zake za dai na madai kinzani kwa pamoja, kwa kutazama nani hasa alitakiwa kutoa fedha mfukoni mwishoni. Mjenzi alikuwa amependekeza usuluhishi mapema, wenzake wakakataa.

Kwa hiyo usikae kimya hukumu inapokaribia. Wakili wako aiombe mahakama ieleze gharama za dai na za madai kinzani kila moja peke yake, au itoe kiwango kimoja cha asilimia kwa jalada zima, kutegemea hesabu ipi inakufaa. Kama unajua kwamba sehemu ya deni ni halali, Amri ya XXIV inakuruhusu kuiweka fedha hiyo mahakamani. Mdai akiikataa kama malipo kamili, kisha ikaonekana ilitosha, gharama za baada ya hapo zinamwangukia yeye. Mkipatana kwenye usuluhishi, andikeni suala la gharama ndani ya hati ya makubaliano, maana hapo ndipo kesi nyingi zilizokwisha hufufuka.

Ukishapewa gharama, Amri ya Ujira wa Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, inakupa siku 60 za kuwasilisha ankara yako. Tunza risiti za ada za mahakama, nauli za mashahidi na ripoti za wataalamu, kwa kuwa ofisa anayekokotoa gharama anaweza kuzidai. Usijaze namba za kubahatisha pia. Zaidi ya moja ya sita ya ankara ikikatwa, ukiacha ada za mahakama, unapoteza gharama za zoezi hilo la ukokotoaji. Usiporidhika na alichoamua ofisa huyo, unazo siku 21 za kupeleka marejeo Mahakama Kuu.