Mtoto Anayecheua, Anayekoroma: Kijitabu cha Usiku kwa Kaya za Mbweni

Kijitabu hiki ni cha kila anayelala chumba kimoja na mtoto: mama, baba, bibi, shangazi, na dada wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi za Mbweni, Boko na Bunju ndiye anayejua hasa mtoto amelalaje. Daktari humwona mtoto mchana, akiwa macho, analia au anacheka. Tatizo tunalolizungumzia hutokea usiku, na asubuhi huenda lisiache hata alama moja. Kwa sababu hiyo, mnachokiona na kukisikia ninyi ni sehemu ya vipimo.

Kucheua peke yake si ugonjwa

Karibu kila mtoto mchanga hucheua. Msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo haujakaza, chakula chake ni maziwa matupu, na muda mwingi amelala. Kucheua huzidi karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua, na watoto wengi huacha wakiwa na mwaka 1 hadi mwaka na nusu. Mtoto anayecheua huku ananyonya vizuri, anachangamka, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, haumwi. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, mcheulishe, umshike wima nusu saa hivi baada ya kunyonya. Usimwanzishie uji kabla ya miezi 6 kwa kuambiwa maziwa hayamtoshi. Na usimnunulie dawa za kupunguza asidi kwenye duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Kwa mtoto wa namna hii hazisaidii, na zinaweza kumwongezea hatari ya nimonia na maambukizi ya tumbo.

Hali ni nyingine kama matapishi ni ya kijani au yana damu, kama katika wiki za mwanzo maziwa yanaruka kwa nguvu kila baada ya kunyonya, kama uzito umesimama, kama anakataa titi au anapaliwa kila anaponyonya. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Pumzi inaposita

Mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio kama mtu mzima. Akilala hupumua haraka haraka, akatulia sekunde 5 hadi 10, kisha akaendelea. Wazazi wengi hushtuka, lakini hilo ni la kawaida katika miezi ya mwanzo. Lisilo la kawaida ni pumzi kusita sekunde 20 au zaidi, au kusita kwa muda mfupi zaidi lakini mtoto akabadilika rangi au akalegea. Kwa watoto wetu weusi rangi haionekani vizuri usoni, kwa hiyo washa taa utazame midomo, ulimi na ufizi. Vikiwa vya bluu au kijivu, hewa haitoshi. Mtoto aliyezaliwa njiti yuko katika hatari zaidi.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, hasa wa miaka 2 hadi 8, chanzo cha kawaida ni njia ya hewa kuziba. Nyuma ya pua kuna nyama ambazo watu huziita nyama za puani, na kooni kuna mafindofindo, maarufu kama tonsesi. Katika umri huo nyama hizo huwa kubwa kulinganisha na koo lenyewe. Mtoto akilala misuli ya koo hulegea, njia hubanwa, naye huanza kukoroma. Ikiziba kabisa ukoromaji hukatika ghafla, kifua kinaendelea kupanda na kushuka bila hewa kuingia, kisha mtoto anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka na kuendelea kulala. Hali hiyo huweza kujirudia mara nyingi kila saa, usiku kucha, na asubuhi mtoto hakumbuki chochote.

Msikilize kwa makini anayekoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki ilhali hana mafua. Tazama kama analala mdomo wazi, shingo ameipinda nyuma, au ameketi akiegemea ukuta. Tazama jasho jingi hata feni ikiwa inazunguka, na kifua kinachobonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akirudia, hilo nalo ni la kumweleza daktari. Mchana, tofauti na mtu mzima, mtoto huyu mara nyingi hasinzii. Anakuwa mtundu kupita kiasi, mkali, hatulii darasani. Mwalimu anamwita mkorofi na nyumbani anachapwa kwa kosa ambalo si lake, ni la usingizi uliokatwakatwa. Hili linaumiza, kwa sababu lina tiba.

Kimeo kisikatwe

Hapa tuseme wazi. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mtoto anayekohoa usiku, anayetapika na kudhoofu, mtu wa kwanza kumwangalia huwa mkata kimeo. Humfungua mdomo, akaonyesha kile kinyama kinachoning'inia kooni, akasema kimerefuka na ndicho kinachomkereketa. Familia inaamini kwa sababu dalili ni za kweli: kikohozi kipo, matapishi yapo, usiku mtoto hapumui vizuri. Ila chanzo kilichotajwa sicho. Kikohozi cha usiku kinaweza kutoka kwenye pumu, nimonia, kifua kikuu, mafua yanayotiririka kooni, asidi inayopanda kutoka tumboni, au nyama za puani. Kukata kimeo hakugusi hata kimoja kati ya hivyo.

Kinachobaki ni kidonda kwenye koo la mtoto mdogo, kilichokatwa kwa chombo ambacho hakuna anayejua kilikatia nani kabla yake. Madaktari wa pua, masikio na koo nchini wamewapokea watoto waliovuja damu nyingi, waliopata maambukizi ya koo, pepopunda na upungufu mkubwa wa damu, na wako waliofariki. Aliyepona huweza kubaki na kovu linalofanya maziwa yatokee puani. Mama mkwe au bibi anayependekeza kimeo kikatwe hana nia mbaya; amepokea desturi hiyo kwa waliomtangulia. Mwambieni kwa heshima, na mwende naye hospitali asikie mwenyewe.

Na mtoto akisita pumzi au akikakamaa usiku, msilimalize kwa kusema ni jinamizi au degedege la kupunga. Kifafa, malaria kali na pumzi kusita vinaweza kufanana kwa macho ya nyumbani. Hospitali ndiyo yenye uwezo wa kuvitenganisha.

Lipi limeanza, kucheua au kusita pumzi?

Mzazi mwenye mtoto aliye na matatizo yote mawili huuliza swali hili, na ni swali zuri. Yanaweza kwenda pamoja bila moja kusababisha jingine, na hasa kwa njiti, mara nyingi kucheua siko kunakositisha pumzi. Lakini pia yanaweza kuchocheana. Koo likiziba, mtoto huvuta hewa kwa nguvu kubwa, na mvuto huo kifuani hunyonya asidi kutoka tumboni kupanda juu. Asidi nayo ikifika kooni mara kwa mara huvimbisha njia ya hewa, ikazidi kuwa nyembamba. Kumtibu kiungulia mtoto ambaye shida yake ni nyama za puani ni kupoteza miezi, na ndiyo maana daktari huhitaji kujua usiku wenyewe unakwendaje.

Kipimo cha usiku kucha

Kipimo kamili hufanyika mtoto akiwa amelala. Hubandikwa nyaya ndogo kichwani, karibu na macho, kidevuni na miguuni. Mikanda miwili laini huzungushwa kifuani na tumboni. Kijibomba chembamba huwekwa puani kupima hewa. Na kifaa chenye taa nyekundu hufungwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Hakuna sindano wala maumivu, na mzazi hulala chumba hichohicho. Kama daktari anataka kujua lipi limeanza, huongeza mrija mwembamba unaopita puani hadi kwenye umio, ili kuona asidi inapanda dakika gani na pumzi inasita dakika gani.

Majibu husomwa kwa idadi ya mara pumzi inaposita au kupungua kila saa. Kwa mtu mzima chini ya 5 huhesabiwa kuwa kawaida. Kwa mtoto, kuzidi 1 tayari si kawaida, na kuzidi 10 ni hali kali. Kwa hiyo ukiambiwa majibu yamesomwa kwa kigezo cha watu wazima, uliza tena.

Vifaa kamili vya kipimo hiki ni vichache katika ukanda wetu na gharama yake si ndogo. Waliokata bima waulize mapema kama inalipiwa. Ipo njia nyepesi zaidi: kupima oksijeni peke yake usiku kucha kwa kile kifaa cha kidoleni. Kwa Dar es Salaam hili si jambo geni. Watoto wenye selimundu (sikoseli) waliohudhuria hospitali ya Muhimbili walipimwa oksijeni ya usiku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011 katika jarida la Acta Paediatrica. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na mwenye selimundu akikosa oksijeni usiku anadhurika zaidi ya mwingine. Kama mwanao ana selimundu na anakoroma, mwambie daktari leo, usingoje aulize. Ila fahamu kwamba kipimo cha oksijeni kikiwa kizuri hakithibitishi kuwa mtoto ni mzima. Dalili zikiendelea, rudi.

Simu iliyo mkononi mwako nayo ni msaada mkubwa. Mtoto akiwa usingizini, mfunue kifua, washa taa, mrekodi dakika 2 au 3 sauti ikisikika. Andika saa aliyolala, mara alizoshtuka, na alikula nini kabla. Ukifika kwa daktari sema moja kwa moja: "Daktari, mwanangu anakoroma, pumzi inakatika, hii hapa video."

Matibabu

Hali ikiwa nyepesi, dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa huweza kutosha. Nyama za puani na mafindofindo yakiwa makubwa, huondolewa kwa upasuaji hospitalini, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 kwa watoto wa miaka 5 hadi 9 ulionyesha kuwa baada ya miezi 7, asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji walikuwa na usingizi wa kawaida, dhidi ya asilimia 46 ya waliosubiri. Wapo basi wanaopona kwa kungoja, lakini kungoja kuwe chini ya macho ya daktari. Mtoto wa chini ya miaka 3 abaki wodini usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Asipewe dawa ya maumivu yenye kodeini, kwani inaweza kuzuia pumzi.

Dawa za mafua zenye kuleta usingizi zisitumike kumlaza mtoto, hata akisumbua namna gani. Promethazini haifai kabisa kwa wa chini ya miaka 2. Inaweza kusimamisha pumzi. Dada wa kazi aelezwe hili bila kufokewa.

Mtoto mchanga alazwe chali, hata anayecheua. Wengi huogopa atapaliwa, lakini akiwa chali njia ya hewa huwa juu ya umio, na maziwa hayaingii kirahisi. Kitanda kiwe tambarare, bila mto, bila khanga zilizokunjwa karibu na uso. Chandarua kikazwe vizuri. Jiko la mkaa, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma na moshi wa udi na ubani visiwe katika chumba anacholala mtoto.

Pa kwenda

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mwombe rufaa ya daktari wa watoto au wa pua, masikio na koo. Kutoka Mbweni rufaa ya kawaida ni Mwananyamala. Walio Temeke wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Na juu ya hizo ipo Muhimbili. Beba kadi ya kliniki, orodha ya dawa zote alizopewa, za hospitali na za kienyeji, na simu yenye video.

Mtoto akiacha kupumua, msugue nyayo na mgongo, mwenzako akitafuta usafiri. Asipoanza, mlaze chali kichwa kikiwa sawa, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, puliza pumzi ndogo mpaka kifua kiinuke, rudia huku mkielekea hospitali. Akizinduka mwenyewe, nendeni vilevile. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo haina huruma alfajiri, kwa hiyo msisubiri kuche: tokeni usiku huohuo.