MCHAGUA NAZI HUPATA KOROMA: NI KWELI?

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hii hutumiwa sana hapa shuleni kumnyamazisha anayechelewa kuamua. Kongamano la sayansi likikaribia, kikundi hukutana, mwenye sauti kubwa husema, "Tutengeneze hiki!" na wengine huitikia tu. Wiki ya mwisho mambo yakienda mrama, hakuna pa kurudi. Mimi nashikilia kwamba anayepata koroma si yule anayechagua, bali ni yule anayechagua kwa macho bila kuitikisa nazi asikie maji.

Njia yenyewe

Kuna njia ya kubuni vitu ambayo wahandisi wa Toyota wa Japani waliizoea kwa miaka mingi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, wakiwemo Allen Ward na Jeffrey Liker, waliiandikia makala. Tuiite usanifu sambamba wa seti. Seti ni ile ile ya hisabati, ya miduara miwili inayopandana.

Inafanya kazi hivi. Mtu wa injini, mtu wa bodi na mtu wa kiwandani hawangojani kama watu wa foleni. Wote hufanya kazi wakati mmoja, na hakuna anayeleta jibu moja. Kila mmoja huleta seti ya majibu yanayowezekana upande wake. Kisha hutafuta pale miduara inapopandana. Jibu huondolewa kwa sababu limeshindwa kwenye kipimo, si kwa sababu mkubwa halipendi. Seti hupungua kidogo kidogo hadi libaki jibu moja. Na ukishapunguza, huruhusiwi kuruka nje ya seti yako, maana wenzako wameshaitegemea.

Mathalani, gari la Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, lina injini ya petroli na mota ya umeme. Wahandisi walianza na takriban mifumo 80, wakachuja ikabaki 10, kisha 4, na mwishowe mmoja.

Mfano wa karibu

Lakini kwani ni lazima twende Japani? Kitale ipo hapo tu, kilomita kama 70 kutoka Eldoret.

Mwaka 1959 mtafiti wa mahindi wa Kitale, Michael Harrison, alikwenda Amerika ya Kusini na ya Kati akarudi na mbegu za aina nyingi. Zilipandwa, zikachanganywa na mahindi ya Kitale, zikapimwa. Nyingi ziliachwa. Moja iliyoitwa Ecuador 573, ilipooanishwa na Kitale Synthetic II, ilizaa ajabu. Ndipo ikapatikana Haibridi 611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Katika miaka hiyo wataalamu wengine walikuwa wakipima wakati wa kupanda, palizi na mbolea, nayo Kenya Seed Company, iliyoanzishwa mwaka 1956, ikazalisha mbegu. Hiyo ndiyo maana ya sambamba.

Fauka ya hayo, jibu halikuwa moja kwa nchi nzima. Haibridi za mia sita ni za nyanda za juu kama Uasin Gishu, za mia tano ni za mwinuko wa kati, Katumani ni ya sehemu kame, na Coast Composite ni ya Pwani.

Mwaka 2011 ugonjwa wa virusi uliokausha mahindi ulionekana Bomet. Virusi viwili vilishambulia kwa pamoja, na mbegu nyingi zilizokuwa sokoni hazikuvistahimili. Watafiti walifanya nini? Walirudi kwenye ghala la mbegu nyingi, zikiwemo zile zisizouzwa, na mwaka 2013 kikafunguliwa kituo cha kuzipima huko Naivasha. Laiti zilizoachwa zingetupwa, wangeanza na mikono mitupu. Basi jibu lililoachwa leo liandikwe na lihifadhiwe, pamoja na sababu ya kuliacha.

Jambo hili si la vitabuni tu. Huku kwetu mahindi hukaa shambani miezi sita hadi minane, na tunapanda mara moja kwa mwaka. Mbegu ikikosea, karo nayo inakosea.

Pingamizi

Najua mtu atasema, "Wewe, muda uko wapi? Na pesa je?" Jibu langu ni kwamba majaribio ya mwanzo ni ya bei rahisi: kadibodi, waya, udongo, kishamba cha hatua tano. Kinachogharimu ni kubomoa kilichokamilika. Hata hivyo, nakiri kuwa kitu kidogo kinachoeleweka hakihitaji seti ya majibu kumi. Kutengeneza kiti cha darasani, fuata tu fundi anavyofanya.

Kwa hiyo, vikundi vyetu vianze na mawazo matatu, vigawane kazi, vipime kila wiki, na kila kinachoachwa kiandikwe daftarini. Mchagua nazi na achague, ila aitikise kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya kuchelewa kuamua na kuamua kwa kupunguza?
2. Taja methali moja inayounga mkono makala haya na moja inayoyapinga.
3. Nyumbani kwenu mbegu huchaguliwa vipi? Waulize wazazi, kisha uandike aya moja.